Ujira wa Maili au Fungu la Nauli?

 

Ijumaa moja baada ya sala alitujia mzee mmoja wa mji wetu, mtu tunayemjua tangu tulipokuwa watoto wa chuoni, akatuuliza suala ambalo hatukuwahi kuulizwa kabla yake. Mwanawe yuko Marekani, katika jimbo la Ohio, na huko ana lori lake mwenyewe, kubwa lenye kuvuta tela, analiendesha kwa mkono wake. Lakini hana rukhsa ya serikali ya kuchukua shehena kwa jina lake, basi amelikodisha kwa kampuni ya uchukuzi na hufanya kazi chini ya jina la kampuni hiyo. Kampuni ilimpa hiari ya mambo mawili. Ama alipwe kwa maili, yaani kiasi maalumu cha fedha kwa kila maili anayokwenda. Ama alipwe fungu katika mia ya nauli ya kila shehena, nauli ikiwa kubwa apate kikubwa, na ikiwa ndogo apate kidogo. Kijana alichagua fungu. Mzee akauliza: je, jambo hili ni halali?

Tulijibu pale pale, tumesimama mlangoni mwa msikiti na viatu mkononi. Tulisema kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i ujira sharti ujulikane kiasi chake kabla ya kazi, na kwamba Imamu Nawawi katika Minhaji amekataza kumwajiri mtu achune mnyama kwa ujira wa ngozi yake, au asage nafaka kwa ujira wa sehemu ya unga utakaotoka. Basi mwenye kubeba shehena kwa fungu la nauli ambayo leo ni hii na kesho ni ile, hali yake ni hali ya msagaji. Amwambie mwanawe ahamie kwenye maili. Mzee akashukuru akaenda zake, nasi tukaenda kula chakula chetu, nafsi zetu zimeridhika.

Baada ya majuma mawili kijana alitupigia simu mwenyewe. Alitusalimu kwa adabu yote, akatuambia kuwa amekwisha hama kama alivyoagizwa na babake, wala hakulalamika. Aliuliza moja tu: "Shekhe wangu, katika mfano ule wa kinu, nani mwenye nafaka na nani msagaji? Lori ni langu. Mafuta nanunua mimi, magurudumu nanunua mimi, likiharibika njiani natengeneza mimi. Kampuni ina jina, na rukhsa, na bima, na watu wa kutafuta mizigo. Basi nani hapa amemwajiri mwenziwe?"

Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba atupe muda, na haya tunayoyaandika ndiyo yaliyotoka katika muda ule. Tunayaandika wazi kwa sababu fatwa iliyotolewa mlangoni mwa msikiti mbele ya watu haiwi kurekebishwa kwa kunong'ona.

Wanavyuoni wamesema kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu, na sisi tulianza na tawi kabla ya shina. Basi natutazame kwanza biashara yenyewe ilivyo.

Uchukuzi wa barabarani baina ya majimbo ya Marekani uliwekwa chini ya tume ya serikali kuu kwa sheria ya mwaka 1935, na tangu hapo asiye na rukhsa hakuweza kubeba shehena za watu kwa jina lake. Mwaka 1980 mlango ulifunguliwa sana, rukhsa zikawa nyepesi kupatikana, na nauli zikaachiwa soko. Hata hivyo wako maelfu ya watu wenye malori yao wasiotaka kubeba peke yao mzigo wa bima na wa kutafuta wateja, nao huyakodisha malori yao kwa makampuni. Kwa ajili ya watu hawa tume ile iliandika kanuni mwaka 1979. Tume yenyewe ilivunjwa mwisho wa mwaka 1995, lakini kanuni zimebaki zikitumika. Zinasema kwamba mkataba sharti uandikwe. Kwamba namna ya malipo itajwe ndani yake, nayo yaweza kuwa fungu katika mia ya nauli, au kiasi kwa kila maili, au namna nyingine watakayokubaliana. Kwamba mwenye lori alipwe katika siku 15 baada ya kuzileta karatasi za shehena aliyoifikisha. Na kwamba katika muda wote wa mkataba lori liwe mikononi mwa kampuni na chini ya amri yake peke yake. Sharti hili la mwisho msomaji aliweke akilini, tutalirudia.

Sasa hesabu. Tuseme kwa mfano, wala si khabari ya kampuni fulani, kwamba nauli ya shehena ni dola 2,000, na njia yake ni maili 800 lori likiwa na mzigo, na maili 200 likiwa tupu kwenda kuufuata mzigo huo. Mwenye lori akipewa robo tatu ya nauli, na hicho ndicho kiasi kinachokaribiana na cha makampuni mengi, atapata dola 1,500. Akilipwa dola moja na nusu kwa kila maili, yenye mzigo na isiyo na mzigo, atapata dola 1,500 vile vile. Mizani imelingana. Lakini mwezi wa pili soko likianguka na nauli ya njia ile ile ikawa dola 1,400, mtu wa fungu atapata dola 1,050, na mtu wa maili atapata dola zake 1,500, na kampuni itatoa dola 100 mfukoni mwake ili kumtimizia. Na mwezi wa tatu soko likipanda na nauli ikawa dola 3,000, mtu wa fungu atapata dola 2,250, na mtu wa maili atabaki na 1,500 zake, na kampuni itabaki na 1,500 nyingine.

Kwa hiyo hakuna kati ya njia hizi mbili iliyo nono siku zote. Tofauti yao ni hii: katika maili, hatari ya soko huibeba kampuni, na faida ya soko huichukua kampuni. Katika fungu, hatari na faida hugawanywa. Wenye malori waliolipwa kwa fungu katika mwaka 2021, mizigo ilipokuwa mingi na malori machache, walivuna. Na hao hao mwaka 2022 uliwakuta nauli za soko zimeanza kuteremka na mafuta yamepanda, hata mwezi wa Juni wastani wa bei ya dizeli katika nchi nzima ulipindukia dola 5 na senti 80 kwa galoni. Mafuta, msomaji akumbuke, hununuliwa na mwenye lori.

Kama tungalikuwa na utulivu siku ile mlangoni mwa msikiti, tungalikumbuka kuwa sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Mabaharia wa majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi hawakuwa na mshahara wa mwezi. Mapato ya safari yalitolewa gharama kwanza, kisha chombo kikachukua fungu lake, na watu mafungu yao, na nahodha akazidi. Wavuvi wetu nao hugawa hivyo: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya watu. Nani ajuaye asubuhi bahari itatoa nini jioni? Sisi tumekula samaki wa wavuvi hao zaidi ya miaka arubaini, na hatukuwahi kuinua mkono kutoka katika sinia tukauliza kama ujira wao ulikuwa maalumu. Lakini kijana wa Ohio tulimhukumu kwa dakika mbili.

Na katika vitabu pia haikuwa kauli moja. Wengi wa mafakihi, na Imamu wetu miongoni mwao, hawakuruhusu mtu ampe mwenziwe mnyama wake amfanyie kazi kwa nusu au thuluthi ya mapato. Lakini Imamu Ahmad bin Hanbal aliruhusu, na Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 wa Hijria, ameieleza hoja yake katika al-Mughni: kwamba mnyama ni mali inayozaa kwa kufanyiwa kazi, basi imekuwa kama fedha anazopewa mfanya biashara kwa sharti la kugawana faida, na kama ardhi ya Khaybar, ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaachia wenyeji wake wailime kwa sharti la nusu ya mazao. Hadithi ya Khaybar imo katika Bukhari na Muslim. Hakuna wa kuipinga. Na mazao ya mtende, kama ilivyo nauli ya shehena, hayajulikani mpaka yatoke.

Hapa ndipo tulipofika usiku wa kwanza, na tulidhani tumemaliza: tubadilishe jawabu, tuseme fungu linafaa kwa kauli ya Hanbali. Lakini suala la kijana halikuwa hilo. Yeye hakuuliza imamu gani ameruhusu. Aliuliza nani ni nani.

Na kweli, katika mfano wa mnyama, mwenye mnyama hukaa nyumbani na mtenda kazi hutoka. Hapa mwenye lori ndiye atokaye. Katika mfano wa kinu, mwenye nafaka ndiye mwajiri. Hapa nafaka ni ya mtu wa tatu, mwenye shehena, ambaye ndiye mlipaji wa nauli yote. Kampuni imesimama katikati yao: huchukua nauli kwa mwenye shehena, ikakata fungu lake, ikampa mwenye lori kilichobaki. Basi tukilitazama jambo kwa uso wake wa kweli, aliyechagua fungu hapewi na kampuni robo tatu. Yeye ndiye anayeipa kampuni robo, kwa ajili ya jina lake, na rukhsa yake, na bima yake, na kazi yake ya kumtafutia mzigo. Kampuni kwake ni mfano wa dalali au wakili, na kila mtu wa mji huu aliyewahi kumpa dalali nyumba amuuzie ajua dalali ni nini: ni mtu anayelipwa kwa kuaminiwa.

Na aliyechagua maili ni mtu mwingine kabisa. Huyu ameuza. Amemwambia mwenye kampuni: maili yangu moja ni dola moja na nusu, nunua. Kampuni ikiisha kuinunua, itaiuza kwa mwenye shehena kwa bei inayoweza, na kinachozidi ni faida yake, na kinachopungua ni khasara yake.

Wanafunzi wetu wanaosoma mlango wa biashara watalitambua jambo hili mara moja. Mafakihi wamegawa uuzaji mara mbili. Kuna uuzaji wa kupatana, ambao mnunuzi na muuzaji huvutana bei mpaka wakaridhika, wala muuzaji halazimiki kusema yeye alinunua kwa kiasi gani. Ukimuuliza akanyamaza, hana kosa. Na kuna uuzaji wa amana, ambao muuzaji husema: mimi nimenunua kwa mia, nipe faida ya kumi. Huyu akiwa kwa kweli alinunua kwa themanini, amekhini, na mnunuzi ana haki juu yake, kwa sababu bei yote imejengwa juu ya neno lake. Nguo ni ile ile na duka ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mmoja aliomba kuaminiwa, na mwingine hakuomba.

Maili ni uuzaji wa kupatana. Fungu ni uuzaji wa amana. Hii ndiyo tofauti tuliyoikosa, na juu yake ndipo sasa tunapoweka hukumu yetu.

Kampuni iliyonunua maili kwa dola moja na nusu ikaziuza kwa dola tatu mwaka wa neema haikumdhulumu mwenye lori, hata kama hakuonyeshwa nauli. Aliuza kwa bei aliyoridhia, na mwaka wa dhiki kampuni hiyo ingemlipa kwa khasara. Twajua kuna watakaochukia tukisema hivi, kwani sura yake ni sura ya tajiri kumla maskini. Lakini mtu hawezi kuiuza hatari yake kwa mwenziwe, kisha akadai faida iliyozaliwa na hatari hiyo. Ni kanuni ya sheria yetu kwamba pato humfuata mwenye kubeba dhamana.

Lakini kampuni iliyomwambia mwenye lori "nitakupa robo tatu ya nauli" imejifunga kusema nauli ni kiasi gani, na kusema kweli. Na Wamarekani wenyewe wameliona hili, wala hawakulitoa katika Minhaji. Kanuni zao zinasema kwamba mwenye kulipwa kwa fungu sharti apewe nakala ya hati ya nauli kabla ya kulipwa au wakati wa kulipwa, na mwenye mkataba wa namna yoyote ana haki ya kuzitazama karatasi ambazo malipo yake yamehesabiwa kwazo. Akili iliyonyooka na sheria iliyoteremshwa zimekutana mahali pamoja, na jambo hili hutufurahisha kila linapotokea.

Lakini hati nayo ina ujanja wake. Nauli ipi inayogawanywa? Kampuni nyingine zina ofisi pacha ya udalali, ukuta mmoja baina yao. Mwenye shehena hutoa dola 2,000 kwa ofisi ya udalali; ofisi hiyo huikabidhi kampuni shehena kwa dola 1,600; na hati anayoonyeshwa mwenye lori ni ya 1,600. Robo tatu yake ni 1,200. Dola 300 zimepotea, na hakuna aliyesema uwongo: karatasi ni ya kweli, mhuri ni wa kweli, hesabu ni sahihi. Tunasema hili ni khiyana, ila iwe mwenye lori aliambiwa tangu mwanzo na akaridhia. Dalali aliyeuza nyumba ya mtu kwa nduguye kwa bei ndogo ili nduguye aiuze tena kwa bei kubwa, na faida wagawane, mji mzima ungemwitaje? Na kadhalika nyongeza ya mafuta, fedha anazotoa mwenye shehena juu ya nauli mafuta yanapopanda. Kampuni nyingine humpitishia mwenye lori nyongeza hiyo yote, nyingine humgawia, na nyingine huiweka nje ya hesabu kama kwamba ni wao walionunua mafuta.

Asidhani mtu wa maili kuwa yeye ameokoka. Yeye haulizwi amana ya bei, lakini ana haki ya kipimo, na Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima yenye kuanza kwa maangamizo ya wapunjao vipimo. Maili gani inayolipwa? Iko maili ya gurudumu, inayohesabiwa na chombo cha gari. Na iko maili ya kitabu. Katika biashara hiyo hutumika vitabu na hesabu za mitambo zenye kutaja umbali kutoka mji hadi mji, na mojawapo ya hesabu za kale ilitungwa kwa ajili ya wahamishaji wa vyombo vya nyumbani, nayo hufuata njia fupi kuliko zote, hata kama lori zito haliwezi kupita njia hiyo. Lori hupita barabara kuu na kuzunguka. Kitabu hukata katikati. Katika mfano wetu, gurudumu likienda maili 1,000 na kitabu kikasema 940, mwenye lori amepunjwa dola 90 katika safari moja, na safari zake ni nyingi kwa mwaka. Na wengine hawalipi kabisa maili za lori tupu, kana kwamba lori tupu huenda kwa upepo. Maili ikitajwa katika mkataba bila kusemwa ni maili ipi, basi ule ujira tuliousifu kwa kujulikana haujulikani. Nasi tulimtoa kijana wa watu katika fungu tukampeleka huko bila ya kumuuliza ni maili gani!

Kuna jambo la tatu, nalo twaliona kuwa baya kuliko yote mawili, ingawa lina sura ya hiari. Ni kampuni kumshikilia mwenye lori kwenye maili nauli zinapopanda, kisha kumbadilishia mkataba awe wa fungu nauli zinapoanguka. Tumesimuliwa kuwa hutokea. Huyu hakufanya mapatano wala hakufanya ushirika. Amechukua faida ya mwenye kubeba hatari, na hatari akamwachia mwingine, na karatasi zote mbili zimetiwa sahihi.

Kisha kuna kungoja. Katika mabishano yote ya maili na fungu tuliyoyasikia, kungoja husahauliwa, kwa sababu njia zote mbili hulipa mwendo. Dereva hufika ghalani kwa saa aliyoagizwa, akaambiwa asubiri. Hungoja saa nne, saa sita. Sheria ya huko humruhusu kuendesha saa 11 tu, nazo ziwe ndani ya saa 14 tangu alipoianza kazi, baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo, na saa 14 hizo hazisimami kwa sababu yeye amesimama. Basi saa alizozipoteza ghalani zimekatwa katika siku yake, na mwendo aliotazamia umepungua. Mara nyingi saa mbili za kwanza hazilipwi kitu, na zinazofuata hulipwa kidogo au hugombaniwa.

Hapa ndipo tunapolirudia lile sharti la mkataba, kwamba lori liwe mikononi mwa kampuni peke yake. Katika Minhaji hiyo hiyo tuliyoitumia vibaya, imethibiti kwamba mwenye kukodi mnyama au nyumba, akakabidhiwa, muda wa mkataba ukapita naye amekizuia kitu, basi kodi imemlazimu hata kama hakukitumia. Mwenye kukizuia kitu cha watu hasemi "sikukipanda." Kampuni haiwezi kushika lori kwa mkono mmoja, ikisema ni langu hata mwisho wa mkataba, usibebe mzigo wa mwingine, na kwa mkono wa pili ikasema sikulipi, kwa kuwa halikwenda. Kama mwenye ghala ndiye aliyechelewesha, kampuni imdai mwenye ghala. Mwenye lori hana mkataba naye. Tungependa ndugu zetu wenye kupima ujira huu walitazame jambo hili kabla ya kutazama senti za maili, kwa sababu mtu aliyengojeshwa saa sita bila malipo ndiye yule anayejaribu kuzirudisha usiku kwa kutolala, na anaendesha chombo kinachoweza kufika ratili 80,000 kwa uzito, katika barabara yenye watoto wa watu.

Atauliza msomaji: je, mtu huyu kwa sheria ya huko ni mwajiriwa au ni mfanya biashara? Makampuni husema ni mfanya biashara huru. Suala hili lilifika Mahakama Kuu ya nchi ile, katika kesi ya dereva mmoja na kampuni moja kubwa, na hukumu ikatolewa tarehe 15 Januari 2019. Kampuni ilitaka shauri lipelekwe kwa wasuluhishi wa faragha kama mkataba ulivyosema, na sheria ya mwaka 1925 juu ya usuluhishi ilikuwa imewatoa watu wa uchukuzi wenye mikataba ya kuajiriwa. Jaji Gorsuch, aliyeiandika hukumu, alisema kwamba mwaka 1925 maneno yale yalikuwa na maana ya mapatano yoyote ya kufanya kazi, aitwe mwajiriwa au aitwe huru, na majaji wenziwe walioshiriki walikubaliana naye. Lililotupendeza ni kwamba hawakusimama kwenye jina. Mafakihi wetu pia walimtenganisha mwajiriwa wa mtu mmoja, ambaye wakati wake wote umenunuliwa, na mwajiriwa wa watu wote, kama fundi wa nguo. Na aliyekodisha lori lake kwa kampuni moja, asiweze kumbebea mwingine ila kwa idhini, akisema yeye ni kama fundi wa nguo, twaona amejipamba kwa jina tu.

Basi jawabu yetu kwa kijana ni hii. Fungu si haramu, na tulikosa kumwambia hivyo. Kama kampuni yake itampa hati ya nauli aliyoitoa mwenye shehena mwenyewe, si ya ofisi pacha, na ikamwandikia nyongeza ya mafuta ni ya nani, basi fungu ni ushirika mwema, na alirudie akipenda, akijua kuwa ameikubali na miaka ya njaa pia. Kama itaificha hati, asikae kwenye amana na mtu asiyetaka kuaminiwa. Abaki kwenye maili, ataje ni maili ya gurudumu, na tupu ihesabiwe. Katika hali zote mbili aandikiwe malipo ya kungoja tangu saa ya kwanza. Na yeye naye achunge upande wake: mtu wa fungu asikatae mzigo mdogo aliokwisha ukubali kwa kuwa ameona mkubwa njiani, na mtu wa maili asizungushe lori ili kuzidisha hesabu, kwani na hilo ni kupunja.

Mzee tulimwendea wenyewe nyumbani kwake baina ya magharibi na isha. Tulimsomea haya, tukamwambia kwamba jawabu ya siku ile tumeiondoa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mwanawe amepoteza kiasi gani katika miezi ile aliyohama. Tulimwambia kuwa tulimuuliza kijana mwenyewe, naye akasema soko lilikuwa chini, hivyo maili ilimfaa. Mzee akacheka, akasema, "Basi shekhe ulikosea ukapata." Tukamwambia hapana, tulikosea tu. Akaenda kututilia kahawa.